Mbuta Alipopanda Bahasha

Je, wajua kwamba kuna wakati barua ya kutoka Usenge, ukingoni mwa Ziwa Victoria, ingeweza kufika Mombasa ikiwa imebandikwa stempu ya Tanzania, na karani wa posta asiseme neno? Stempu za Kenya, Uganda na Tanzania zilikubaliwa popote katika nchi hizo tatu, kwa kuwa posta ilikuwa moja: Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Kwa hiyo yule farasi wa bahari wa stempu ya senti 20 ya Tanzania alikuwa na ruhusa kamili ya kufika kwa wavuvi ambao hawajawahi kuonja maji ya chumvi.

Toleo hilo la Tanzania, la Desemba 1967, lilikuwa la viumbe wa bahari kuanzia stempu ya bei ya chini hadi ya shilingi 20. Mchoraji wake alikuwa Rena Fennessy, ambaye tayari alikuwa amechora ndege kwa stempu za Uganda za 1965 na wanyama kwa zile za Kenya za 1966. Tarehe 13 Desemba 1971 ikaja zamu ya Kenya tena, naye akachora makombe na konokono wa pwani. Toleo hilo na lile la Tanzania yote mawili yalichapwa Uingereza na kampuni ya Harrison and Sons.

Kwa nini samaki achorwe, asipigwe picha? Mvuvi yeyote anajua jibu. Samaki akishatolewa majini rangi zake huanza kufifia, mapezi hulala, na baada ya muda mfupi ulicho nacho ni kitoweo. Mchoraji humrudishia rangi, humfungua mapezi yote, na humgeuza ubavu ili alama zinazomtambulisha zionekane. Kisha hayo yote yatoshe kwenye karatasi isiyozidi kidole gumba, pamoja na jina la nchi, bei, na jina la Kilatini.

Jina la Kilatini ndilo lililoleta utamu. Katika toleo la Kenya la 1971, stempu ya senti 50 ina konokono wa rangi ya zambarau, na chini yake pameandikwa Janthina globosa. Aliyechorwa si huyo. Ni nduguye, Janthina janthina. Kwenye stempu ya senti 70, jina la nautilasi lilikosewa herufi moja: pompileus badala ya pompilius. Mwaka 1974 stempu hizo mbili zilichapwa upya zikiwa na majina sahihi. Mimi naipenda hadithi hii kwa sababu inaonyesha kwamba kuna watu waliosoma stempu kwa makini ya daktari anayesoma cheti cha maabara, na posta ikawasikiliza.

Konokono mwenyewe anastahili usumbufu huo. Haishi mwambani wala mchangani. Maisha yake yote ni juu ya maji ya bahari kuu. Hutoa ute, akaufungia hewa, akatengeneza chelezo cha mapovu, kisha akaning'inia chini yake. Kelele na pupa hana. Hupelekwa na upepo, na akigongana na wale viumbe laini wenye sumu wanaoelea kama yeye, huwala. Huanza maisha akiwa dume na baadaye hugeuka jike. Chelezo kikivunjika huzama, na hawezi kurudi juu. Wakazi wa pwani humwona pale tu upepo unapomtupa ufukweni.

Na ziwa je? Ziwa lilikuwa kwenye stempu zamani, ila kwa chombo, si kwa samaki. Mwaka 1935 stempu ya senti 5 ya Kenya, Uganda na Tanganyika ilikuwa na jahazi likikata maji ya Ziwa Victoria. Wakusanyaji stempu mpaka leo huikagua kwa lenzi wakitafuta kamba moja: kwenye baadhi ya nakala imegusa tanga, kwenye nyingine haikugusa. Samaki wa ziwa walisubiri hadi Januari 1977, lilipotolewa toleo la stempu nne kwa michoro ileile katika kila nchi. Hapo mbuta na tilapia walikaa safu moja na sulisuli na nduwaro wa bahari kuu.

Lakini soma kichwa cha toleo: samaki wa kuvuliwa kwa mchezo. Aliyechagua alitazama kwa jicho la mwenye ndoana ya burudani, si la mama anayeanika omena pale Usenge. Omena ndiye anayelisha nyumba nyingi, lakini ni mdogo na hapigani na mshipi. Mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, huweza kufika karibu mita mbili na kilo 200. Hakuwa mwenyeji: aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa ile ya 1960. Alipopanda bahasha mwaka 1977 bado hakuwa mwingi. Miaka michache tu baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliongezeka ghafla, akaleta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, na fulu, wale samaki wadogo waliokuwa wa mamia ya aina, wakapungua vibaya. Wanasayansi wanakadiria aina zipatazo 200 zilitoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia.

Ningekuwa na kura, stempu ijayo ningempa ngege, tilapia wa asili wa ziwa hili. Katika ziwa kubwa amekaribia kwisha, akisukumwa na uvuvi, na mbuta, na tilapia wa kigeni. Amesalia Ziwa Kanyaboli, upande wa pili wa kinamasi cha Yala, kaskazini mashariki mwa Usenge. Mchoraji anayemtaka akiwa na rangi zake zote aanzie huko.