Karisimbi: Mimea midogo inayotunza maji katika baridi ya mlimani

Asubuhi mbingu zinapokuwa wazi, kilele cha mlima Karisimbi, kaskazini mashariki mwa Gisenyi, huonekana mara nyingine kikiwa cheupe kwa theluji au mvua ya mawe iliyoanguka usiku. Jina la mlima huo hunasibishwa na neno la Kinyarwanda isimbi, yaani kauri nyeupe.

Weupe huo huyeyuka upesi jua linapopanda. Kinachobaki na maji kwa muda mrefu ni kuvumwani, mimea midogo ya kijani inayotanda juu ya mawe, udongo na magome ya miti.

Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu, iko kandokando ya Ziwa Kivu kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Kilele cha Karisimbi kina mita 4,507. Kwa kuwa hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi katika kila mita 1,000 za kupanda, kileleni joto huwa pungufu ya la mjini kwa nyuzi 18 hivi. Mchana jua huchoma. Usiku maji ya ardhini huweza kuganda.

Je, kuvumwani huishije huko? Haina mizizi halisi wala mishipa ya kupandisha maji. Hufyonza mvua na ukungu kwa majani yake. Ukame ukija, aina nyingi hukauka bila kufa, kisha huhuika maji yanaporudi. Vishina vyake husongamana kama mto wa kulalia, vikikingana na upepo. Jamii ya sfagnamu, inayoota penye kinamasi, huweza kubeba maji yenye uzito wa takriban mara 20 ya uzito wake mkavu.

Mmea mwingine wa baridi hiyo ni likopodi. Ingawa hudhaniwa kuwa kuvumwani, huo ni wa ukoo mwingine, kwani una mizizi na mishipa. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, jamaa zake wa kale walikuwa miti ya urefu wa mita 30 na zaidi, ambayo mabaki yake yalichangia kufanyika kwa makaa ya mawe.

Katika milima ya volkano, kazi ya kuvumwani ina uzito wa pekee. Miamba yake ina matundu mengi, na maji ya mvua hupenya upesi. Misitu yenye kuvumwani huyanasa maji hayo pamoja na ukungu, na kuyaachia polepole.

Hata hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1960, karibu hekta 10,000 za hifadhi ya milima hiyo zilitolewa kwa kilimo cha pareto. Upande wa Gishwati pia, ambako Mto Sebeya hupokea maji yake, sehemu kubwa ya msitu ilifyekwa.

Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Sebeya ilifurika na kubomoa nyumba Rubavu. Kuvumwani peke yake haiwezi kuzuia mvua ya namna hiyo, lakini mlima uliovuliwa msitu na kuvumwani yake huyateremsha maji yote kwa mkupuo.