Ramani ya Waifai: Chagua Vipimo Kabla ya Kuamini Rangi

Ripoti ya upimaji wa waifai huja na picha ya kuvutia: mchoro wa jengo uliopakwa kijani, njano na nyekundu. Mwenye jengo akiona kijani kimetanda, huridhika na kulipa. Lakini rangi hizo hutegemea mambo ambayo fundi ameyachagua ndani ya programu. Vipimo vilevile vinaweza kutoa ramani mbili zinazopingana, na zote mbili zikawa sahihi.

Tuanze na vipimo vyenyewe. Fundi hupakia mchoro wa sakafu katika programu kama Ekahau au TamoGraph, huieleza programu urefu halisi wa ukuta mmoja, kisha hutembea na kompyuta mpakato akibofya mahali alipo kila anapokata kona. Programu hudhani kwamba kati ya mbofyo mmoja na mwingine mwendo wake ulikuwa uleule, na hupanga vipimo hivyo njiani. Akisimama kusalimiana na mtu bila kubofya, vipimo vya pale aliposimama hutawanywa kwenye ukumbi mzima. Njia yenye kasoro ya namna hiyo iondolewe kwenye orodha ya njia zilizopimwa na ipimwe upya.

Nguvu ya mawimbi huandikwa kwa namba hasi za dBm. Kipimo cha -40 ni nguvu kubwa, -85 ni dhaifu. Kila upungufu wa 10 hugawa nguvu kwa 10, kwa hiyo -77 ni sehemu moja ya kumi ya -67. Kwa mazungumzo ya sauti, mafundi wengi hutaka isishuke chini ya -67.

Sasa chukua mfano wa hoteli katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe, iliyobanana na majirani kila upande. Kompyuta ya fundi imenasa akses pointi (vifaa vinavyorusha waifai) za hoteli pamoja na za maduka ya jirani. Zikiachwa zote kwenye orodha, chumba cha pembeni kitapakwa kijani kwa mawimbi ya duka ambalo mgeni hana nenosiri lake. Kwa swali la “mawimbi yetu yanafika wapi?” zichaguliwe za hoteli peke yake. Swali likiwa “nani anatuingilia?”, majirani warudishwe, kwa sababu akses pointi mbili zilizo kwenye chaneli moja hugawana muda wa hewani hata kama wenyewe hawajuani.

Masafa nayo yatenganishwe. Mawimbi ya GHz 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko ya GHz 5, lakini yana chaneli tatu tu za MHz 20 zisizogongana: 1, 6 na 11. Ramani inayochanganya masafa yote mawili huficha vyumba ambavyo GHz 5 haifiki.

Kuna chaguo jingine ambalo wengi hulipita: umbali ambao programu inaruhusiwa kukisia kuzunguka njia iliyotembewa. Ukiwekwa mita nyingi, chumba kilichofungwa siku ya upimaji nacho hupakwa rangi, ilhali hakuna aliyeingia. Katika jengo la kuta nene makisio ya namna hiyo hupotosha sana. Afadhali umbali upunguzwe na sehemu isiyopimwa ibaki nyeupe.

Uteuzi wa akses pointi una faida nyingine kubwa. Ondoa alama ya uteuzi kwenye akses pointi moja katika orodha, na ramani itakuonyesha eneo litakalobaki bila huduma siku kifaa hicho kikiharibika. Kwa hospitali au benki, jaribio hilo la dakika moja lina thamani kubwa kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Kwa hiyo, unayeagiza upimaji, usipokee picha pekee. Dai njia aliyotembea fundi ionekane juu ya ramani, akses pointi zilizochaguliwa zitajwe, masafa yatenganishwe, kiwango cha kila rangi kiandikwe, na ukabidhiwe faili la vipimo vyenyewe. Ramani isiyoeleza imechagua nini haitoshi kuamulia wapi pafungwe kifaa ulichokinunua kwa fedha yako.