Kitalu Nyumba Kipimwe kwa Miaka, Siyo kwa Bei ya Kununulia

Mtu akisimama bandarini Malindi asubuhi ataona vyombo kutoka Bara vikishusha matenga ya tungule, kabichi na pilipili boga. Mizigo hiyo huenda katika masoko ya mjini, na sehemu yake huenda moja kwa moja katika hoteli za mwambao. Fedha inayolipwa hapo ni ya Visiwa vyetu, na mikono inayoipokea ni ya wakulima wa mbali. Hatuwaonei choyo ndugu zetu wa Bara. Tunachouliza ni kwa nini ardhi ya Unguja na Pemba, yenye mvua na yenye watu wa kuilima, ishindwe kulisha walau meza zilizo jirani nayo.

Sehemu ya jibu anaijua kila mkulima. Katika masika tungule za wazi huoza kwa maradhi ya majani na matunda. Mvua ikikatika huingia wadudu, na tangu mwaka 2014 nondo aitwaye kantangaze, aliyevamia nchi yetu mwaka huo, amewatoa machozi wengi. Ndiyo maana tumekuwa tukiwahimiza vijana na vikundi vya ushirika kuingia katika kilimo cha kitalu nyumba. Wito huo ulikuwa wa haki, na bado ni wa haki. Hata hivyo, ni wajibu wetu kusema kwamba tuliwahimiza watu kujenga kabla ya kuwaeleza wajenge nini.

Katika mashamba tuliyotembelea tumeona mifupa ya vitalu iliyobaki bila ngozi. Kikundi kimoja cha vijana kilitueleza kwamba kitalu chao kilisimama msimu mmoja na nusu. Nguzo zilizikwa kiasi cha goti, bila zege. Nailoni ilifungwa kwa kamba. Kusi ilipoanza kuvuma kwa nguvu, paa lilipasuka katika usiku mmoja na nguzo zikainama. Kitalu kilikwenda na upepo, lakini mkopo ulibaki palepale, na vijana wale bado wanaulipa kwa kuuza mihogo.

Swali la kwanza ambalo mnunuzi hana budi kujiuliza ni kazi ya jengo lenyewe. Katika nchi za baridi kitalu nyumba hujengwa ili kufungia joto ndani. Sisi joto tunalo la kutosha na la kubakia. Mtungule ukipata joto la zaidi ya nyuzi 32 mchana kwa siku nyingi, na usiku nao usipoe, chavua yake hudhoofika, maua hupukutika, na mkulima hubaki na majani mazuri yasiyo na matunda. Kwa hiyo jengo lililozibwa pande zote, hata likiwa la chuma bora, kwetu ni tanuri. Tunachohitaji ni paa la kuzuia mvua, kuta za wavu za kuzuia wadudu, na njia pana ya upepo kupita.

Kutokana na hilo yafuata mambo matatu. Kwanza, jengo liwe refu: kuta zisipungue mita 3, na zikifika 4 ni bora zaidi, kwa sababu hewa ya moto hupanda juu ikaiacha mimea. Pili, paa liwe na uwazi kileleni wa kuitolea hewa hiyo, na uwazi huo uipe kusi mgongo, isije ikaingia ndani na kulinyanyua paa. Tatu, wavu uchaguliwe kwa kumjua adui. Nondo huzuiwa na wavu wa matundu ya wastani, lakini nzi weupe, ambao hueneza virusi vya kukunja majani, huhitaji matundu madogo sana. Kadiri tundu linavyokuwa dogo ndivyo na upepo unavyozuiwa. Mwenye kuweka wavu mwembamba basi aongeze eneo la wavu, asifunike dirisha dogo tu akadhani amemaliza kazi.

Tunao mfano wa kuzingatia kutoka Almería, kusini mwa Uhispania. Wakulima wa huko, katika miaka ya 1960, walichukua vichanja vya nguzo na waya walivyokuwa wakipandishia mizabibu, wakavifunika nailoni. Leo eneo hilo lina takriban hekta 30,000 za vitalu, na mboga zake huuzwa Ulaya nzima. Hawakuanza kwa jengo la fahari. Walianza kwa kile walichokijua kwa mikono yao. Lakini paa lao la bapa liliwafaa kwa kuwa nchi yao ni kavu. Tukiliiga paa hilo hapa, masika moja italijaza maji na kuliangusha. La kuiga ni busara yao ya kujenga kulingana na mahali.

Na mahali petu pana upepo. Wazee wetu wamerithi habari za tufani ya Aprili 1872, iliyong'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kubadilisha uchumi wa Visiwa hivi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika mwambao wetu karibu na Mafia. Asije mtu akasema kwamba mambo haya ni ya mbali.

Ifahamike kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wake. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Tuchukue kitalu chenye ukuta wa nailoni wa urefu wa mita 30 na kimo cha mita 3. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukiupiga ukuta huo uso kwa uso, mzigo wake waweza kufikia tani moja. Upepo wa kilomita 100 kwa saa huleta tani nne na zaidi. Hapo kamba na misumari haina la kusema. Nguzo lazima zisimame katika zege, pembe zitiwe mihimili ya mshazari, na nailoni ibanwe katika reli za chuma kwa waya wa springi. Safu ya mivinje upande unakotoka upepo husaidia pia, kwani miti huupunguza upepo, ilhali ukuta wa mawe huurusha juu ukaanguka na vishindo.

Baada ya upepo kuna chumvi. Chuma kisichokingwa, katika hewa ya bahari, huliwa upesi. Mnunuzi adai mabomba yaliyochovywa katika zinki ya moto, si yale yaliyopakwa rangi ya fedha ili yang'ae. Viungo vifungwe kwa bolti na nati, kwa sababu kuchomelea huunguza zinki, na kutu huanzia hapo hapo. Nailoni iwe ya maikroni 200, yenye dawa ya kustahimili jua. Sehemu inayogusa chuma huungua mapema, basi chuma hicho kipakwe rangi nyeupe au kivishwe kitambaa.

Je, miti haifai? Yafaa, kwa masharti. Mkulima asiye na mtaji anaweza kuanza na nguzo za mvinje, akaziegemeza juu ya vishina vya zege ili mchwa na unyevu visizifikie. Boriti za mikoko tusiziguse, kwani mikoko ndiyo inayolinda fukwe zetu na mazalio ya samaki wetu.

Sasa tufike kwenye bei, mahali ambapo wengi hupotea. Tuweke hesabu ya mfano tu, isiyo bei ya soko. Kitalu cha miti kikigharimu shilingi milioni 4 na kudumu miaka 4, kila mwaka kimekula milioni moja. Cha chuma kikigharimu milioni 12 na kudumu miaka 15, kila mwaka kimekula laki nane. Nailoni za vyote viwili hubadilishwa kila baada ya miaka mitatu au minne. Cha chuma basi ndicho cha nafuu. Lakini hicho cha milioni 12 kikianguka mwaka wa nne, kila mwaka kimekula milioni tatu. Hakuna hasara kubwa kuliko kulipa bei ya kitu imara ukapewa kitu dhaifu.

Jengo bora, pamoja na hayo, haliponyi udongo mgonjwa. Penye mnyauko wa bakteria, kitalu kitanyauka vilevile. Udongo upimwe kabla ya msingi kuchimbwa. Na paa lisiachwe limwage maji bure. Paa la mita za mraba 240 hupokea lita 240,000 kwa kila milimita 1,000 za mvua, na katika vijiji ambavyo visima vyake vimeanza kuingia chumvi, hiyo ni neema inayohitaji michirizi na tangi tu.

Kwa viongozi wetu wa Serikali tuna ombi la kidugu. Zabuni ya vitalu isitolewe kwa kuangalia bei ya chini peke yake. Mkataba utaje kina cha msingi, unene wa bomba, kiasi cha zinki na mwendo wa upepo ambao jengo limeahidi kuustahimili. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka kusi moja ipite na jengo likaguliwe. Kila kikundi kinachokabidhiwa kitalu kifundishwe pia kuweka akiba ya nailoni ijayo tangu mavuno ya kwanza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa wakulima tunasema: kabla ya kutia saini, mwombe muuzaji akupeleke kwenye kitalu alichokijenga miaka mitatu iliyopita karibu na bahari. Likague kila bolti, zungumza na mwenyewe, ingia ndani saa nane mchana ukae nusu saa. Ukishindwa kukaa wewe, na mtungule hautakaa. Tulifundishwa tangu chuoni kwamba mwenye kumtegemea Mwenyezi Mungu humfunga kwanza ngamia wake. Nasi tuzifunge nguzo zetu kwa zege, kisha tumwombe Yeye atupe mvua kwa kiasi na atuepushe na tufani.