Kamshafti ya nguvu: pima nafasi kwanza, moteri isivunjike mulimani

Kutoka Sake kupanda mpaka Mushaki, pikipiki yenye watu na muzigo inachoka. Ndugu motari, ukitamani kuweka kamshafti ya nguvu, jua hili kwanza.

Kamshafti ni kile chuma chenye kusukuma supape zifunguke. Ile ya nguvu inazifungua zaidi na kwa muda mrefu. Hatari iko hapa: pistoni ikifika juu, moshi ukimalizika kutoka na hewa ikianza kuingia, supape zote mbili ziko wazi kidogo. Nafasi ikikosekana, zinagongana: supape inapinda, pistoni inatoboka, na abiria anabaki njiani.

Namna ya kupima: fundi afungue kichwa cha moteri, aweke udongo laini wa watoto kuchezea juu ya pistoni, aupakae mafuta kidogo. Arudishe kichwa, arekebishe supape na cheni, kisha azungushe moteri kwa mkono mara mbili. Ikigoma, asilazimishe. Akifungua, akate ule udongo na kupima pale ulipo mwembamba. Kama kitabu cha moteri hakisemi ingine, wafundi wengi wanaacha milimita 2 kwa supape ya kuingiza hewa, na 2,5 kwa ya kutoa moshi, juu hiyo inapata moto zaidi na kurefuka.

Tena, kamshafti kubwa inatoa nguvu moteri ikizunguka mbio sana; ikizunguka polepole, mara nyingi inapunguza. Kwa mulima na muzigo, gurudumu la cheni la nyuma lenye meno mengi zaidi linasaidia, bila kugusa supape. Utapoteza tu mbio kidogo kwenye tambarare.