Somo la Leo: Ndizi za Kuchoma za Ufilipino

Kalamu ziwe tayari. Leo tunakwenda mbali, mpaka Ufilipino, nchi ya visiwa vingi iliyoko Asia, upande wa kusini-mashariki.

Katika kisiwa kikubwa cha Mindanao, kando ya barabara, utamkuta mtu mbele ya jiko la makaa akiuza ndizi za kuchoma. Chakula hicho huitwa ginanggang. Tamkeni pamoja nami: gi-nang'-gang'. Mwisho wa silabi mbili za mwisho mtaisikia sauti ya ng'ombe, ingawa wenyewe hawaandiki ile alama ya juu.

Ndizi inayotumika ni saba. Ni fupi, nene, yenye pembe, na ina wanga mwingi. Wanaoijua bokoboko wataona undugu. Wanga huo ndio unaoiwezesha kustahimili moto. Ndizi laini ya kula mbivu ingemeguka, ikaanguka majivuni, na hasara ni ya muuzaji. Lakini hata saba ikiwa mbichi mno hubaki ngumu, na ikiiva kupita kiasi haikai kijitini. Kwa hiyo mchomaji huzichagua kwa kuzibonyeza kwanza.

Huimenya ndizi, huitunga katika kijiti cha mwanzi, huigeuzageuza juu ya makaa mpaka ipate rangi ya kahawia. Kisha huipaka majarini na kuinyunyizia sukari. Kwa nini sukari ije mwisho? Kwa sababu ikikaa sana juu ya makaa huungua, ikawa chungu, na huku ndizi ndani haijaiva. Wengine huirudisha motoni kidogo tu, sukari ishike.

Sasa jihadharini na jina jingine: banana cue. Hilo cue limekatwa kutoka barbecue, neno la Kiingereza la nyama ya kuchoma. Kumbe ndizi hii haichomwi kabisa! Hukaangwa katika mafuta mengi pamoja na sukari ya kahawia, sukari ikayeyuka na kuigandia, ndipo hutungwa kijitini. Kijiti tu ndicho kilichoipa jina. Mgeni anayetafuta makaa hapo atatafuta sana.

Zote mbili huliwa saa za alasiri, wakati wa merienda. Neno hilo ni la Kihispania, kwani Wahispania walitawala visiwa hivyo tangu 1565 mpaka 1898.

Andikeni daftarini: makaa, kijiti, wanga. Kisha mjibu: kwa nini ndizi iliyoiva sana haifai?