Goshini na Demanini: Msamiati wa Upepo na Harufu katika Uwindaji na Mahitaji ya Hifadhi za Uganda

Utangulizi

Jina la jiji la Kampala ni kumbukumbu ya uwindaji. Kwa maelezo yaliyozoeleka, limetokana na tamko la Kiganda akasozi k'empala, yaani kilima cha swala pala, mahali ambapo Kabaka na watu wake walikuwa wakiwinda. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani ili atambue kwamba empala na pala ni neno moja. Vivyo hivyo, njobe, mnyama wa vinamasi aliyelipa jina lake ukoo mmojawapo wa Buganda, ndiye nzohe wa Kiswahili. Majina ya wanyama yamevuka mipaka ya lugha za Afrika Mashariki bila taabu kubwa. Msamiati wa namna ya kumkaribia mnyama haukuvuka kwa wepesi huo.

Makala hii inashughulikia sehemu moja tu ya msamiati huo, nayo ni upepo na harufu. Hoja yake ni kwamba Kiswahili kina istilahi kamili za kutaja upande utokako upepo na upande uendako, ila istilahi hizo zimebaki chomboni baharini. Na kwamba pengo linaloachwa nchi kavu si la kamusi pekee, bali linagusa usalama wa watu wanaofanya kazi karibu na nyati na tembo. Suala hili lina uzito zaidi nchini Uganda kwa sababu mbili. Kwanza, Kiswahili kimekuwa lugha ya amri katika majeshi ya nchi hiyo tangu enzi za King's African Rifles, na askari wa hifadhi hupitia mafunzo ya aina hiyo. Pili, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha ufundishaji wake wa lazima shuleni. Lugha inayopewa majukumu hayo lazima iweze kumwambia mtu asimame wapi ili mnyama asimnuse.

Mnyama anavyousoma upepo

Kwa swala, pongo au nzohe, jicho linaweza kudanganywa na mtu asiyetikisika, na sikio linaweza kudhani kwamba ukuti uliovunjika umeangushwa na tumbili. Pua ni vigumu kuidanganya. Mwili wa binadamu hutoa wakati wote chembe za jasho, ngozi, moshi na chakula, na chembe hizo huchukuliwa na hewa. Hazisambai kama duara kumzunguka mtu. Hufuata upepo na kutanuka kadiri zinavyokwenda, mfano wa moshi wa jiko uliopigwa na upepo wa ubavuni. Aliye ndani ya mkondo huo anamjua mwindaji angali mbali, na aliye nje yake huenda asimjue hata akiwa hatua chache tu.

Ndiyo maana wawindaji wa sehemu nyingi duniani hujaribu upepo kabla ya kujaribu shabaha. Wapo wanaodondosha vumbi, wapo wanaorusha nyasi kavu, na wapo wanaobeba mfuko mdogo wa majivu laini wanaoutikisa kila baada ya muda. Mfuko wa majivu ungali ukitumiwa na waongozaji wa safari za miguu katika hifadhi za Afrika Mashariki na Kusini, ambao hawawindi chochote. Majivu yana faida ambayo kidole kilicholoweshwa mate hakina, kwa kuwa huonyesha pia kwamba upepo wa kimo cha kichwa unaweza kutofautiana na ule unaopita chini kwenye majani.

Upepo wenyewe una ratiba. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hivyo hewa hutoka Ziwa Viktoria kuelekea bara. Usiku mwenendo hugeuka. Katika milima hali ni ya namna hiyo hiyo. Alfajiri hewa baridi ni nzito na huteremka mabondeni, na jua likishapasha miteremko hewa hupanda. Katika Msitu wa Bwindi, ambao ardhi yake huinuka kutoka mita 1,160 hadi 2,607 juu ya usawa wa bahari, mteremko mmoja unaweza kuwa salama kwa mnyatiaji saa moja asubuhi na kumsaliti saa sita mchana, ingawa hakuna kilichobadilika isipokuwa jua.

Kuhusu dawa za kuficha harufu, maelezo hayahitaji kuwa marefu. Kujipaka kinyesi cha mnyama au majani makali ni desturi ya kale, na Marekani, ambako kulungu huwindwa na mamilioni ya watu, imezalisha soko la sabuni zisizonukia na mavazi yanayodaiwa kuzuia harufu. Dawa hizo zinaweza kupunguza harufu, haziiondoi. Mwindaji aliyejipaka kila kitu na kusimama upande usiofaa ameharibu siku yake.

Kipimo cha uwezo wa pua hizo kimepatikana katika ardhi ya Afrika Mashariki. Mwaka 2007 Lucy Bates na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa Amboseli, Kenya. Tembo walitegewa vitambaa vilivyovaliwa na wanaume wa Kimaasai, vilivyovaliwa na wanaume wa Kikamba, na visivyovaliwa na yeyote. Tembo walikimbia kwa kasi zaidi na mbali zaidi waliponusa vile vya Wamaasai, ambao vijana wao wana desturi ya kuwachoma mikuki. Kwa tembo, basi, harufu ya binadamu si moja. Inabeba habari za ni nani aliyepita.

Kunuka, kunukia, kunusa

Hapo ndipo lugha inapoanza kubanwa. Kiswahili kina mzizi mmoja wenye matawi matatu: kunuka, ambako ni kutoa harufu mbaya, kunukia, ambako ni kutoa harufu nzuri, na kunusa, ambako ni kuitafuta harufu kwa pua. Ukiacha nomino ya jumla harufu, majina mengi hutoa hukumu papo hapo. Uvundo, shombo, vumba na kikwapa vinachukiza, ilhali manukato na rihi vinapendeza. Kiganda nacho kina ekivundu upande mmoja, lenye mzizi uleule wa uvundo, na akawoowo upande wa pili. Huu ni msamiati wa watu wanaoishi pamoja na kuhukumiana. Pongo hajali kama mtu ananuka au ananukia. Kwake, aliyeoga kwa sabuni ya waridi na aliyelala kando ya moto wote ni hatari.

Rihi lina historia inayofaa kutajwa hapa. Katika Kiarabu, neno la harufu na neno la upepo yametokana na mzizi mmoja. Kiswahili kilipolipokea neno hilo kilibaki na harufu nzuri peke yake na kuliweka katika ushairi, huku upepo ukiendelea na jina lake la Kibantu. Uhusiano ambao kila msasi anaujua ukapotea njiani.

Maneno yaliyobaki chomboni

Upande wa upepo, hali ni kinyume kabisa: lugha ina utajiri mkubwa. Mabaharia wa jahazi walihitaji kujua kila wakati upepo uko wapi kuhusiana na chombo, na Kiswahili cha pwani kikawapa maneno. Goshi, au joshi, ni pembe ya tanga iliyofungwa upande wa mbele, kule utokako upepo. Ndipo ikapatikana kauli upande wa goshini. Demani ni kamba inayolishika tanga upande wa pili, na upande wa demanini ni ule uendako upepo. Upepo wa omo ni ule unaokuja usoni mwa chombo. Kubisha ni kwenda kwa mshazari, mara huku mara kule, ili kuendelea mbele dhidi ya upepo. Anayewahi kumwona mnyatiaji akimzunguka mnyama kwa mikato mifupi ili asiingie katika mkondo wa harufu atakubali kwamba naye anabisha, japokuwa hana tanga.

Maneno haya yamo katika kamusi kubwa za Kiswahili, lakini yamewekewa alama ya ubaharia na kuachwa hapo. Injini imeyapunguzia watumiaji hata pwani. Bara hayajulikani.

Kwa kuwa hayajulikani, tafsiri inayomjia haraka mtu anayefikiri kwa Kiingereza ni juu ya upepo na chini ya upepo. Kauli hizi zinaonekana kueleweka, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Juu na chini katika Kiswahili ni mahali. Askari aliye kwenye mteremko wa Bwindi akiambiwa akae chini ya upepo atateremka. Alfajiri atakuwa amefanya sawa, kwa maana hewa inateremka pamoja naye na harufu yake inamwacha mnyama aliye juu. Saa sita mchana, kwa amri ileile na utii uleule, hewa inayopanda itaipeleka harufu yake moja kwa moja hadi kwa mnyama. Istilahi inayotoa maelekezo sahihi asubuhi na maelekezo ya hatari mchana haifai kuingizwa katika kitabu cha mafunzo.

Ikumbukwe kwamba askari wa hifadhi hataki daima anachotaka mwindaji. Mara nyingine anataka kufichama, kama anapofuatilia mnyama mwenye kitanzi mguuni anayehitaji tabibu. Mara nyingi zaidi anataka kutangulizwa na harufu yake, ili nyati waliolala katika nyasi ndefu za Murchison Falls waondoke kabla hajawakanyaga. Mkulima anayechoma pilipili iliyochanganywa na kinyesi cha tembo ili kulinda shamba anahitaji ujuzi uleule, maana moshi unaokwenda kijijini haumfukuzi tembo. Watu hawa watatu wanatumia elimu moja kwa makusudi matatu, na mkanganyiko wa neno moja unawadhuru wote.

Wenye elimu hiyo

Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inakataza kuwinda bila kibali, na hakuna linalosemwa hapa linalopingana nayo. Lakini elimu ya upepo iliwekwa na wawindaji, na wengi wao ndio waliotengwa na hifadhi. Wawaata wa nyika ya Tsavo, waliokuwa wakiitwa Waliangulu, walimwendea tembo kwa upinde mzito na mshale wa sumu hadi karibu sana, jambo lisilowezekana kwa asiyeusoma upepo. Katikati ya miaka ya 1950 kampeni dhidi ya ujangili iliyoongozwa na kina David Sheldrick na Bill Woodley iliwapeleka wengi wao gerezani. Batwa wa kusini-magharibi mwa Uganda waliondolewa msituni Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania ndio wachache ambao wangali wanawinda kwa upinde, na katika kiangazi huvizia usiku penye maji, ambapo upepo mmoja ukigeuka kazi ya usiku mzima hupotea.

Vijana wa Batwa waliozaliwa baada ya 1991 wamekua nje ya msitu. Kila mzee anayefariki anaondoka na maneno ambayo hayamo katika orodha yoyote ya istilahi. Kwa mtazamo wa makala hii, hili ni jambo la dharura kuliko uchapishaji wa kamusi nyingine ya jumla.

Mapendekezo

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, kwa kushirikiana na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, inaweza kuanza na istilahi za aina mbili, kwa sababu kuna mambo mawili tofauti ya kutajwa. La kwanza ni upepo kuhusiana na mwili wa msikilizaji. Hapa maneno ya kawaida yanatosha na hayana utata: upepo usoni, upepo kisogoni, upepo shavuni. Askari mgeni anayaelewa siku ya kwanza, awe ametoka Kigezi au Karamoja. La pili ni mahali kuhusiana na mnyama, na hapo mwili wa msikilizaji hausaidii, hasa katika taarifa ya redio au ya maandishi. Goshini na demanini yanafaa: doria ipo demanini kwa tembo ni kauli fupi isiyotaja kimo. Tahadhari moja inahitajika. Demani ni pia jina la majira ya mwisho wa kusi, kwa hiyo kiambishi cha mahali kisiachwe. Endapo maneno ya Rutwa au ya Kihadza yatapatikana yanayobeba dhana hizi kwa usahihi zaidi, hakuna sababu ya pwani kupewa kipaumbele.

Uteuzi usifanywe mezani pekee. Makundi mawili ya askari wanafunzi yapelekwe kwenye mteremko mmoja, kwanza alfajiri na kisha saa sita mchana, kundi moja likipewa amri kwa istilahi za goshini na demanini na jingine kwa juu na chini ya upepo. Majivu yatikiswe baada ya kila amri, na iandikwe kila mtu amesimama upande gani.