Mitindo ya mwaka ujao: Ipi itaishia kliniki?

Kila mwaka unapoelekea ukingoni, kurasa za magazeti hujaa utabiri. Tunaambiwa rangi itakayovaliwa, simu itakayonunuliwa, muziki utakaotikisa matatu na hata umbo la mwili litakalohusudiwa. Wasomaji wengi huyachukulia mambo haya kuwa ya vijana na ya wenye pesa za kuchezea. Mimi huyasoma kwa makini, na sababu ninayo. Mtindo wowote unaougusa mwili, uwe wa kiatu, wa kucha, wa sindano au wa chombo cha kutiwa masikioni, haupiti muda kabla haujabisha hodi katika chumba cha daktari.

Watabiri wa mitindo hawatumii uganga. Mwaka 1962 msomi wa Marekani, Everett Rogers, alieleza kitabuni jinsi jambo jipya linavyoenea. Huanza na watu wachache mno, wawili au watatu katika kila mia, wapendao kujaribu. Huja kundi la pili, yapata watu kumi na watatu katika mia, ambao wengine huwatazama kabla ya kuamua. Wakishaingia hao, umati hufuata, na mwisho kabisa huja wale waliokuwa wakiapa kwamba hawatashika kitu kama hicho. Kazi ya mtabiri, basi, ni kuwachungulia wale wachache wa mwanzo. Isitoshe, kuna utabiri unaojitimiza wenyewe. Kampuni ya Pantone ya Marekani hutangaza rangi ya mwaka tangu 2000. Watengenezaji wakisikia rangi imetajwa huitia kwenye nguo na vipodozi kwa wingi, nasi tukiikuta kila duka tunasema kweli yule mtu alijua.

Mitindo pia huzunguka. Mwingereza aliyechunguza historia ya mavazi, James Laver, aliandika mwaka 1937 kwamba vazi lile lile huonekana la aibu miaka kumi kabla ya wakati wake, hupendeza likiwa katika wakati wake, huchukiza miaka kumi baadaye, kisha huanza kuvutia tena vizazi kadhaa vikishapita. Siku hizi mzunguko huo umefupishwa. Suruali pana na viatu vya soli nene vya miaka ya 1990 vilirejea madukani katika miaka ya 2020, na sisi tuliovinunua Gikomba vikiwa mitumba mara ya kwanza tulibaki tukicheka. Soli nene, nikiwa hapo, ni rafiki mkubwa wa kifundo cha mguu kilichoteguka.

Kwa daktari jambo la maana zaidi ni hili: kati ya siku mtindo unapoingia na siku madhara yake yanapoonekana kuna kipindi cha kungoja, nacho hutofautiana sana. Sindano mbaya huonyesha madhara yake saa ile ile au siku chache baadaye. Kemikali ya kucha huchukua miezi. Nywele zilizosukwa kwa kubanwa mno huchukua miaka kabla ya paji la uso kuanza kurudi nyuma. Masikio yanaweza kuchukua miaka kumi au ishirini. Kipindi kikiwa kirefu hivyo, mwenye kuumia hana njia ya kuunganisha ugonjwa na mtindo, kwani mtindo wenyewe ulikwisha kusahaulika zamani.

Kabla sijatabiri, msomaji ajue kwamba wakubwa kuliko mimi walijaribu wakaanguka. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilianzisha mpango wa kukisia homa ya mafua kwa kuhesabu maneno ambayo watu waliyatafuta kwenye intaneti. Msimu wa baridi wa 2012 kuelekea 2013 huko Marekani, hesabu yake ilipotelea mbali, ikikaribia maradufu ya kiwango kilichoripotiwa na taasisi ya serikali inayodhibiti magonjwa. Mwaka 2015 utabiri huo ulikomeshwa. Kutafuta habari za mafua si sawa na kuugua mafua. Kwa hiyo nitatabiri yale tu ambayo dalili zake zimekwisha kuonekana.

Mtindo ninaoutazamia kuliko yote ni wa wembamba, ukiletwa na sindano. Miaka ya 1990 wanamitindo wa Ulaya walikuwa wembamba kama fito. Miaka ya 2010 ikaja zamu ya nyonga pana, na wapo waliolala kwenye meza ya upasuaji ili kuzipata. Sasa mizani imeinama tena upande wa wembamba, na safari hii kuna dawa inayoufanikisha. Dawa yenyewe inaitwa semaglutidi. Iliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2017 kwa wagonjwa wa kisukari kwa jina la Ozempic, na Juni 2021 kwa kupunguza uzito kwa jina la Wegovy. Huiga homoni inayotolewa na utumbo baada ya kula: humwambia mtu ameshiba, na hulichelewesha tumbo kumwaga chakula. Dawa ya kwanza ya ukoo huu, iliyoidhinishwa mwaka 2005, ilitokana na kemikali iliyogunduliwa katika sumu ya mjusi mmoja mkubwa wa jangwani Amerika. Sindano inayonong'onezwa saluni leo ina jamaa yake kwenye mate ya mjusi!

Sitaki nieleweke vibaya. Hii ni dawa nzuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, wenye washiriki 1,961 waliozidi uzito, waliodungwa dawa walipoteza kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao katika wiki 68, ilhali waliodungwa sindano isiyo na dawa walipoteza asilimia 2.4 tu. Tena sisi si taifa la watu wembamba wanaojisingizia unene. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba yapata mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa amezidi uzito au mnene kupita kiasi, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye uzito mkubwa, au mwenye shinikizo la damu ambaye magoti yake yamechoka kumbeba, dawa hii inaweza kubadilisha maisha.

Mtu ambaye mtindo unamleta kwangu ni mwingine kabisa. Ni mwenye kilo 64 anayetaka kuwa na 56 kabla ya harusi ya Desemba. Yeye hana ugonjwa wa kutibiwa, ila madhara atayapata kama mgonjwa yeyote: kichefuchefu, kutapika, kuhara au kufunga choo, na mara chache vijiwe vya nyongo au uvimbe wa kongosho. Asichoambiwa na shoga yake ni kwamba uzito hurudi. Baadhi ya washiriki wa utafiti ule walifuatiliwa mwaka mzima baada ya kuacha sindano, wakawa wamerudisha thuluthi mbili za uzito waliopoteza. Kwa mwenye kilo 90 aliyepunguza kilo 13, hizo ni kilo tisa hivi zimerejea nyumbani. Aidha, sehemu ya kilo zinazopotea si mafuta bali ni nyama ya misuli, na kwa mtu wa makamo misuli si kitu cha kutupa.

Kwa nini natabiri kwamba wimbi litakuwa kubwa? Hadi majuzi bei ya dawa ya mwezi mmoja ilikuwa ikiishinda kodi ya nyumba ya wakazi wengi wa jiji. Lakini hataza kuu ya semaglutidi ilipangiwa kumalizika India na China mwaka 2026, na India ni mojawapo ya nchi zinazotuuzia dawa nyingi zaidi. Viwanda vingi vikianza kutengeneza dawa moja, bei hushuka. Hilo ni jambo la heri kwa wagonjwa wa kisukari, ambao mwaka 2022 na 2023 waliteseka katika nchi nyingi kwa sababu dawa yao ilinunuliwa na wenye kutaka kupungua. Ila bei ikishuka, wale watu kumi na watatu wa Rogers wanaingia, na umati uko nyuma yao.

Pamoja na umati huja matapeli. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa tahadhari kuhusu semaglutidi bandia iliyokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Nchini Austria, Oktoba 2023, watu walilazwa hospitalini sukari ikiwa imeshuka vibaya baada ya kutumia sindano bandia, na wakuu wa dawa wakashuku kwamba ndani mlikuwa na insulini. Mtu asiye na kisukari akidungwa insulini anaweza kuanguka na kupoteza fahamu kabla jirani hajafika. Dawa halisi ambayo haijaanza kutumiwa huwekwa kwenye jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8. Inayoletwa na mwendesha bodaboda ndani ya mfuko wa plastiki saa saba mchana imekwisha kukosa sharti la kwanza. Dozi huanza chini, miligramu 0.25 kwa wiki, na hupandishwa polepole. Anayekuanzishia juu ili "ikamate haraka" hajui kazi yake.

Yapo makundi yasiyopaswa kuigusa: mjamzito au anayetarajia kushika mimba (iachwe angalau miezi miwili kabla), na mwenye aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo katika familia. Ukiwa unaitumia na unakwenda kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari wa usingizi hata kama mumeo hajui. Tumbo linalochelewa kumwaga chakula linaweza kukitapika ukiwa umelala, kikaingia mapafuni.

Kutoka kwenye sindano twende saluni. Kucha ndefu za jeli zitaendelea, hilo halihitaji mtabiri. Rangi hupakwa, mkono huingizwa chini ya taa, na jeli hukauka ikawa ngumu kama plastiki. Kemikali za jeli hiyo kabla haijakauka zikigusa ngozi mara kwa mara, mwili wa baadhi ya watu huanza kuzikataa. Madaktari wa ngozi wa Uingereza walitoa onyo kuhusu mzio huu mwaka 2018. Dalili huwapotosha wengi: mbali na mwasho kando ya kucha, vipele hutokea kwenye kope na shingoni, mahali tunapopagusa kwa vidole bila kujua. Mzio huu ukishaingia hautoki, na kemikali za ukoo huo huo hutumiwa kuziba meno na kushikiza viungo bandia vya mifupa. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kemikali moja ya jeli, TPO, kuanzia Septemba 1, 2025, kutokana na majaribio ya wanyama yaliyoonyesha madhara kwa uzazi. Onyo langu kubwa, hata hivyo, ni kuhusu vifaa vya bei nafuu vya kujipaka nyumbani, kwani asiye na mazoezi huimwaga jeli hadi kwenye ngozi, na taa isiyolingana na jeli yake huiacha mbichi ndani. Nasikitika zaidi kwa binti anayepaka wateja kutwa nzima: mteja huguswa na jeli mara moja au mbili kwa mwezi, yeye kila saa.

Kuhusu nywele nitasema machache. Msuko ukiuma, umebanwa kupita kiasi. Vipele vidogo kwenye ukingo wa paji la uso ni onyo, si dalili ya msusi hodari. Katika hatua hiyo nywele huota tena ukizilegeza. Ngozi ikishafanya kovu, hakuna mafuta wala dawa ya kuzirudisha.

Muziki nao. Gengetone ilivuma kuanzia 2018, Arbantone ikafuata 2023, na mwaka ujao kutazuka kitu kingine ambacho watoto wangu watanicheka nikikosea kukitaja. Sauti ya juu ndiyo haibadiliki. Kila sikio huzaliwa na chembe takriban 16,000 za kunasa sauti, na zikifa hazioti tena. WHO inakadiria kwamba zaidi ya vijana bilioni moja wamo hatarini kwa sababu ya jinsi wanavyosikiliza. Kwa mujibu wake, sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 ni saa nne tu. Abiria anayepandisha spika za masikioni ili kuushinda muziki wa matatu humaliza saa zake nne kabla ya Ijumaa. Spika zinazozuia kelele za nje zina faida hapa, mradi mvaaji ashushe sauti na azivue anapovuka barabara.

Saa na pete zinazopima mapigo ya moyo na usingizi nazo zitaongezeka. Katika uchunguzi wa watu zaidi ya 400,000 uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2019, saa ilionya kuhusu mapigo yasiyo ya kawaida kwa watu wapatao watano katika kila elfu. Onyo kama hilo lifuatiliwe, kwani mapigo ya namna hiyo huweza kuleta kiharusi. Usingizi ni habari nyingine. Wapo wanaokosa usingizi kwa kuhofia alama ambazo saa itawapa asubuhi, na hao nawaambia waivue walalapo.

Halafu kuna programu za akili unde. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, mgonjwa huja na jibu mkononi, na mara nyingi si jibu baya. Nionyeshe simu yako, sitakasirika. Nionyeshe pia swali uliloliandika, kwa kuwa mara nyingi ndilo lenye kasoro: umeandika "tumbo linauma na natapika", hukuandika kwamba wiki tatu zilizopita ulianza kudungwa sindano uliyonunua kwa rafiki. Na hiyo sindano, pamoja na kisanduku chake, uje nayo.